Kutengeneza kadi kwa kikatio cha mkebe na magome ya migomba



Tangu nilituma picha ya ile kadi ya kolasyo, watu wengi wameniuliza swali moja: "Yale majani na ile nyota, ulikata na mashine gani?" Mmoja alifikiri niliagiza Kampala. Jibu fupi ni hili: hakuna mashine. Kuko mkebe wa maziwa ya unga, kipande cha mbao, lima, nyundo na kandambili ya zamani. Lakini jibu lenyewe liko na sehemu ya pili, yenye nilichelewa kuiandika juu inanipa haya. Leo nitaandika zote mbili, maana nimeona wenzetu wamekwisha kuanza kukusanya magome ya migomba, na sitaki warudilie kosa langu.

Munanijua: niko na lisansi ya kilimo, niko karibu miaka makumi matatu, na nilipomaliza nilirudi kwetu Kibabi, hapa Masisi, sawa vile wengi wenu mulirudi kwenu. Diploma mu sanduku, kazi hakuna. Kadi zilianza kama kitu cha kupitisha saa. Leo zinanilipia sabuni, kredi ya simu, na mara ingine moto ya kushuka Goma. Si utajiri. Lakini ni kazi yenye mtu anaweza kuanza bila mtaji, na kwa hali yetu hilo si jambo dogo.

KIKATIO NI NINI?

Neno hili ninalitumia kwa chuma chenye kimekunjwa mu umbo fulani, upande mmoja mkali. Unakiweka juu ya karatasi, unakandamiza ao unapiga mara moja, umbo linatoka. Wafundi wa viatu wanakijua: ni kile chuma cha duara chenye wanapiga na nyundo kwa kutoboa mkanda. Wamama wenye wanatengeneza biskwi nao wanakijua, hata kama hawakipatii jina: mdomo wa glasi juu ya unga uliosukumwa ni kikatio.

Huko Marekani kampuni ya Ellison, yenye ilianza mwaka 1977, ilijulikana kwa mashine za kukatia herufi za kupamba madarasa. Leo watu wa kule wenye wanapenda kutengeneza kadi nyumbani wanatumia visahani vyembamba vya chuma. Wanapanga kisahani na karatasi katikati ya vibamba viwili vya plastiki, wanazungusha mkono wa mashine, na rola mbili zinakandamiza. Kanuni ni ile ile ya fundi wa viatu, ila nguvu inatoka ku rola badala ya nyundo.

Faida ya kikatio kuliko mkasi ni kwamba kinarudia. Mkono wangu unaweza kukata jani moja muzuri na mkasi. Ukiniomba majani 100, la kwanza na la 100 hayatakuwa ndugu. Kikatio hakichoki namna hiyo, kile umekifanya mara moja kinakirudia vile vile. Kumbukeni hili neno, nitalirudilia huko chini kwa sababu ingine.

NAMNA YA KUKITENGENEZA

Chukua kipande cha mbao ngumu, chenye unene wa sentimita 3. Chora umbo lako, kata mbao kufuata ule mstari, lainisha pembeni na lima. Anza na umbo rahisi: duara, tone la maji, jani. Nyota iko na mikunjo 10, iache kwa wiki ya pili.

Kata utepe wa bati ku mkebe, upana wa sentimita 3 na nusu. Linga makali ya mkebe, mimi niko na alama mbili ku kidole. Kisha zungushia utepe ule ku mbao, upigilie misumari midogo pembeni, na uache bati lipite mbao milimita 5 upande wa chini. Ule upande wenye umepita njo unanoa.

Hapa kuko siri ndogo yenye ilinichukua mwezi mzima kuielewa. Ukinoa kwa upande wa nje, kipande chenye kinatoka kinakuwa safi na tundu linabaki na mdomo uliokunjika kidogo. Ukinoa kwa upande wa ndani, tundu njo linakuwa safi. Basi kabla ya kushika lima, jiulize: mu kadi hii nataka umbo ao nataka tundu?

Ndani ya kikatio, gundisha kipande cha godoro kilichopita kidogo ule mdomo mkali. Unapopiga, kinajikandamiza, unapoinua kinasukuma karatasi nje. Bila hicho utakuwa unachokoa kila kipande na sindano, na ncha zote zitavunjika.

Chini ya karatasi weka kandambili ya zamani juu ya mbao iliyonyooka. Piga mara moja, kwa nguvu, katikati. Ukipiga mara mbili karatasi inasogea na unapata mistari miwili. Bati la mkebe ni laini, kwa hiyo baada ya kukata mara 30 ao 40 mimi narudisha ku lima.

KARATASI NA MAGOME

Karatasi ya kadi ninayotumia ni bristoli, ile ya sentimita 50 kwa 65 yenye wanafunzi wananunua. Ukikata vipande vya 21 kwa 14,8, unapata 9 mu karatasi moja: vitatu kwa urefu, vitatu kwa upana. Kila kimoja ukikikunja katikati ni kadi. Ukigeuza vipande upande mwingine unapata 8 tu. Kadi moja ya bure kila bristoli, ni hesabu tu.

Magome ya migomba njo rangi yetu. Rwanda, Uganda, na hata hapa Goma na Bukavu, kadi za magome ya migomba zinajulikana tangu zamani: mama na mtungi, ngoma, ng'ombe, mtumbwi. Sisi wa kilimo tunajua kama lile si gome kweli. Mgomba hauna shina la mti. Kile tunaita shina ni miguu ya majani iliyozungukana, mmoja ndani ya mwingine. Wa nje unakauka kwanza, na kila mmoja unakauka na rangi yake: kuko rangi ya unga wa mahindi, kuko ya chai ya maziwa, kuko ya kahawa, kuko yenye madoa meusi sawa ngozi ya nyoka. Hakuna wino wa dukani wenye unakupa ile.

Pangusa gome na kitambaa chenye unyevu, weka kitambaa juu, pitisha pasi ya makala yenye moto wa kadiri. Kisha ligundishe ku karatasi nyepesi ya daftari na uliweke chini ya matofali usiku mzima. Gome liko na nyuzi zenye zinaenda upande mmoja tu. Ukikata nyota ku gome tupu, ile mikono yenye inakatisha nyuzi inavunjika. Karatasi ya nyuma njo inazishika. Kwa jani, panga urefu wa jani ufuate nyuzi, litaonekana kama liko na mishipa ya kweli.

Gundi ninaipika: vijiko viwili vya unga wa mihogo mu kikombe kimoja cha maji baridi, koroga mpaka vidonge viishe, kisha weka ku moto mdogo na uendelee kukoroga mpaka ing'ae. Paka kidogo sana. Ukipaka nyingi kadi itajikunja sawa chapati. Siku ya tatu gundi hiyo inakuwa chachu, imwage, pika ingine.

NAMNA SITA ZA KUTUMIA KIKATIO KIMOJA

Watu wengi wenye kikatio cha jani wanakata jani, wanabandika jani, wamemaliza. Mimi niko na vikatio vinne tu na sijarudilia kadi moja mwaka mzima, juu kila kikatio kinatoa vitu viwili, umbo na tundu, na vyote viwili viko na kazi.

Ya kwanza ni dirisha. Toboa mbele ya kadi, kisha bandika gome kwa ndani. Anayeipokea anaona jani la rangi ya kahawa lililozama mu karatasi nyeupe. Ni kadi rahisi kuliko zote na njo yenye inauzika kuliko zote.

Ya pili ni kujaza tundu. Kata umbo ku bristoli, kata umbo lile lile ku gome, kisha ingiza la gome mu tundu la bristoli na ushikilie na karatasi kwa nyuma. Ukipitisha kidole hausikii mpaka. Watu wanadhani imechapishwa. Hapa kikatio kinashinda mkasi kabisa, maana vipande viwili vinapaswa kulingana bila hata nywele kupita.

Ya tatu ni kupanga tabaka. Kata umbo moja mara nne, gundisha moja juu ya lingine. Linainuka mpaka linaleta kivuli chake. Kwa kadi ya harusi ninafanya hivyo na herufi mbili za majina. Tabaka tatu za chini zinaweza kuwa karatasi ya katoni, ya juu tu njo gome.

Ya ine ni nusu-umbo. Kunja kadi, weka kikatio juu ya mkunjo ili nusu yake ibaki nje, piga. Ukifungua, kuko tundu zima lenye pande mbili zinazofanana. Ao fungua kadi, piga nusu ya juu tu ya umbo, kisha ukunje kadi bila kukunja ile nusu iliyokatika: itasimama juu ya kadi kama kilima. Sisi wa Masisi hatukosi vilima vya kuchora.

Ya tano ni kuchapa bila kukata. Tengeneza kikatio chenye haukunoa, mdomo wake ubaki butu. Lowesha karatasi kidogo, kandamiza pole pole juu ya kandambili. Unapata mstari uliobonyea, bila wino. Kwa kadi za pole ya msiba ninatumia hiyo peke yake. Mtu mwenye anaomboleza hahitaji rangi nyingi.

Ya sita ni mabaki. Karatasi yenye matundu tayari ni kielezo cha kupakia rangi: iweke juu ya kadi, pakaza udongo mwekundu uliochanganywa na gundi, inua, umbo limebaki. Na vile vipande vidogo vidogo vya magome, usivitupe. Viweke mu dirisha katikati ya plastiki mbili safi, ufunge pembeni. Mtoto akitikisa kadi, vinacheza.

Hapo ningeweza kumaliza na kusema kwaheri. Sasa sehemu ya pili.

KISU CHANGU

Mwaka uliopita nilipata komande kubwa ya kwanza: kadi 60 za harusi ya binamu yangu. Magome makavu yalikuwa yameisha, na mvua ilikuwa imeharibu yenye yalibaki ku migomba, yote yamekuwa meusi. Muda ulikuwa mfupi. Nikachukua kisu cha jikoni, nikashuka bondeni kwa jirani, nikaanza kuchuna magome yenye hayajakauka bado, ku migomba iliyosimama. Niliona kama migomba miwili mitatu iko na majani ya manjano yaliyovunjika. Nikasema mu moyo: ni upepo, ni jua. Nilikuwa na haraka. Kisha na kisu kile kile nikapanda kwa mama mdogo, nikachuna kwake pia.

Kadi zilitoka muzuri. Watu walizisifu. Nilipokea feza zangu.

Karibu miezi miwili kisha, mama mdogo alinitumia mtoto: "Ambia da yako akuje." Nilimkuta shambani, ameshika kichane cha ndizi. Vidole vingine vimeiva, vingine bado kijani kabisa, ku kichane kimoja. Alipasua kimoja mbele yangu. Ndani kulikuwa rangi ya kutu. Akakata shina, na tukasimama tukiangalia. Hata dakika kumi hazikupita, maji mazito ya manjano yakaanza kutoka, sawa usaha.

Hakuna mtu alihitaji kunipatia jina la ule ugonjwa. Ku mtihani wa magonjwa ya mimea ulikuwa swali la pili, na nililijibu lote.

"Mwanangu," akasema, "ile siku ya magome, ulitoka wapi kwanza?"

Nikamwambia. Bondeni. Na kisu kile kile.

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Sisemi ni weye. Magonjwa iko na njia mingi. Lakini weye njo ulisoma hii kitu. Mimi nililipa tu."

Ni kweli. Migomba ile njo ilinilipia minervali. Kila kasiksi yenye ilitoka pale, sehemu yake ilikuwa mihula yangu, sillabi zangu, nyumba yangu ya kupanga. Na hata leo siwezi kuapa kama ni kisu changu njo kilileta ugonjwa. Wadudu wanaweza kuuleta, mche wa kupanda unaweza kuuleta. Lakini siwezi pia kuapa kama si changu, na mtu mwenye diploma yangu hakupaswa kufika mahali pa kutojua.

Kwa wenye si wa kilimo, nieleze. Huu ni mnyauko wa migomba, wenye wasemaji wa Kinyarwanda wanauita kirabiranya. Unaletwa na bakteria ya jamii ya Xanthomonas. Wataalamu waliiandika kwanza mwaka 1968 huko Ethiopia, ku mmea wa enseti wenye ni ndugu wa mgomba. Mwaka 2001 ikaonekana Uganda. Na mwaka huo huo wa 2001 ikaonekana mu Kongo kwa mara ya kwanza, na mahali penyewe palikuwa hapa hapa Masisi. Si ugonjwa wa kusoma mu vitabu vya mbali, ni wa kwetu.

Dawa ya kupulizia ili mgomba upone hakuna. Bakteria inakaa mu maji ya mgomba, na kisu chenye kimekata mgomba mgonjwa kinapeleka maji yale ku mgomba unaofuata, na unaofuata, na unaofuata. Nilisema huko juu kama kikatio kinarudia kile umekifanya. Kisu ni hivyo pia. Kama mkato wa kwanza uko na ugonjwa, kinarudia ugonjwa.

Tulifanya yenye nilifundishwa. Kuko njia yenye imejaribiwa hapa Kivu: badala ya kung'oa kisiki chote na watoto wake wote, unakata ule mgomba tu wenye unaonyesha ugonjwa, sawa na udongo, juu bakteria haifikiaki watoto wote wa kisiki. Unachoma kisu. Unarudi kila wiki kuangalia, na ukiona mwingine unaukata. Ni kazi ya miezi. Tulipoteza migomba 11. Mingine imesimama mpaka leo, na mama mdogo ameuza ndizi tena, lakini ule mwaka hakupika kasiksi.

MASHARTI YANGU YA SASA

Kwa sababu hiyo, ndugu, kama unataka kuanza hii kazi, pokea na masharti yake.

Moja. Magome yachukuliwe na mkono, si na kisu. Gome lenye limekauka kabisa ukilivuta chini linakuja lenyewe. Kama linakataa, halijawa tayari. Rudi wiki ijayo, ao badilisha kadi yako.

Mbili. Kabla ya kuingia mu shamba la migomba, simama pembeni na uangalie. Majani ya manjano yaliyolegea, ua la kiume lililonyauka, ndizi zenye zinaiva bila mpango: ukiona kimoja cha hivyo usiingie, hata kama mwenye shamba anakukaribisha, na umwambie kile umeona.

Tatu. Kama kisu ni cha lazima, kichome ku moto mpaka hauwezi kukigusa, kila mara unapotoka ku kisiki kimoja kwenda kingine. Kama uko na javeli, changanya kipimo kimoja na maji vipimo vitano, ukioshe humo. Mimi natembea na visu viwili: kimoja kiko mu moto, kingine kiko mu mkono.

Ine. Kisu cha shamba hakifiki ku meza ya kadi, na kisu cha kadi hakifiki shambani. Niliweka utepe mwekundu ku kimoja ili hata watoto wasivichanganye.

Tano. Nunua kwa mwenye anavunja ua la kiume mapema, mara tu kichane cha mwisho kimetoka, akitumia panda ya mti bila kukata na kisu. Wadudu wanachukua bakteria ku yale maua. Mwenye anafanya hivyo analinda shamba lake na la jirani, mlipe vizuri kuliko wengine. Zamani magome nilikuwa naokota bule. Leo nalipa kila furushi, na mama mdogo njo wa kwanza mwenye nalipa.

Sita. Usichukue yote. Magome makavu yaliyoanguka ni blanketi la udongo na chakula cha migomba yenyewe. Kadi moja inahitaji gome la ukubwa wa kiganja tu.

Najua kuna mwenye atasema: masharti sita kwa kadi ya franka kidogo? Nami nilikuwa nafikiri hivyo. Lakini hesabu ya ile komande nimeifanya mara mingi. Kadi 60 zilinipa feza ya mwezi mmoja. Migomba 11 ilikuwa feza ya mama mdogo ya mwaka.

Kadi moja ya ile harusi bado iko ku ukuta wa binamu yangu, mu fremu. Ni ya namna ya pili, herufi mbili za gome zilizojazwa mu tundu, na kusema ukweli sijawahi kufanya nyingine yenye inalingana vile. Kila mara nikiingia pale watu wananionyesha. Nashukuru, nakaa, naangalia ukuta mwingine.

Jumamosi iliyopita nilipanda kwa mama mdogo kutafuta magome ya kadi za Mwaka Mpya. Alikuwa ameketi jikoni, anamenya mihogo. Hata sikumaliza kusalimia, alinyoosha mkono.

"Kisu kwanza," akasema.

Nikamuonyesha mikono yangu yote miwili: sikuja na kisu. Akaniangalia mpaka chini, akatazama na furushi langu. Kisha akacheka kidogo, akanisogezea kiti karibu na moto, na tukaenda shambani pamoja kisha chai.

Ndugu wahitimu, nawatakia kazi njema na mikono safi. Mwenye anataka vipimo vya vikatio vyangu vinne, nitavichora na kuvituma. Havina siri.